Nani Alifungua Vali? Kweli na Uongo Kuhusu Kuchunguza Ajali za Mafuta na Gesi

Moto ukishazimwa na maiti kuhesabiwa, neno la kwanza kusikika huwa uzembe. Fulani alifungua vali asiyopaswa kuigusa, fulani hakusoma geji, fulani alisinzia zamu ya usiku. Wakubwa hulipenda neno hilo kwa sababu linafunga faili mapema, na mara nyingi anayelaumiwa yuko hospitali au kaburini, hana wa kumjibia. Katika sekta ya mafuta na gesi tabia hii ina gharama kubwa. Mtambo uliolipuka leo una ndugu zake walio hai, wa umbo lilelile na taratibu zilezile, na kesho asubuhi watawashwa kama kawaida.

Njia za kuchunguza ajali ni nyingi, na kila moja ina jicho lake: kuna linachokiona vizuri na kuna linachokipita. Kwa hiyo kabla ya kuamini ripoti, inafaa kuipima njia iliyoizaa. Madai yafuatayo husikika sana makazini na vyumba vya mikutano. Nimeyapima kwa ajali ambazo zilichunguzwa hadharani.

“Ajali nyingi husababishwa na uzembe wa mfanyakazi.”

Si kweli, na dai lenyewe lina historia. Mwaka 1931 Herbert William Heinrich, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya bima nchini Marekani, alichapisha kitabu kilichosema kwamba ajali 88 katika kila 100 zinatokana na vitendo vya hatari vya watu. Takwimu hiyo imenakiliwa katika mafunzo ya usalama duniani kote hadi leo. Wachache huuliza ilitoka wapi. Ilitoka kwenye majalada ya madai ya bima na kumbukumbu za wenye viwanda, yaani fomu zilizojazwa na upande wa mwajiri. Msimamizi anayejaza fomu atamwona aliyeshika spana. Hawezi kuona kirahisi bajeti iliyokatwa miaka mitatu nyuma, na hata akiiona, hana ujasiri wa kuiandika. Fomu ilikuwa imeshaamua jibu kabla ya ajali kutokea.

Tazama yaliyotokea Longford, katika jimbo la Victoria, Australia, tarehe 25 Septemba 1998. Katika mtambo wa gesi wa Esso, pampu za mafuta ya moto zilisimama. Kibadilisha joto kimoja, ambacho kwa kawaida huwa cha moto, kikapoa hadi nyuzi 48 chini ya sifuri. Chuma cha aina ile kikipoa hivyo hakivumilii tena. Hukatika kama kigae. Mafuta ya moto yaliporudishwa ndani yake, kilipasuka. Watu 2 walikufa, 8 waliumia, na jimbo zima likakosa gesi kwa takriban wiki mbili.

Mbele ya tume ya uchunguzi, Esso ilishikilia kwamba waendesha mitambo walifundishwa vya kutosha na walipaswa kuijua hatari ile. Kama uchunguzi ungeishia hapo, ripoti ingekuwa ya kurasa chache: mfanyakazi alikosea, aonywe, afundishwe upya. Tume iliyoongozwa na Sir Daryl Dawson ilikataa kuishia hapo. Iligundua kwamba uchambuzi wa hatari wa mtambo ule ulipangwa, ukaahirishwa, na haukufanywa kamwe. Wahandisi waliokuwa wakikaa Longford walihamishiwa Melbourne mwaka 1992, hivyo opereta alipoona jambo la ajabu hakuwa na mtaalamu wa kumwita aje atazame. Ving'ora vililia mara nyingi mno kila siku hata watu wakavizoea, kama wanavyozoea kelele za barabarani. Ripoti ya mwaka 1999 iliiwekea kampuni lawama, ikawatoa wafanyakazi hatiani. Mwaka 2001 mahakama iliitoza Esso faini ya dola milioni 2 za Australia.

Ushahidi ulikuwa uleule kwa pande zote mbili. Tofauti ilikuwa mahali pa kusimama. Mwanasosholojia Andrew Hopkins, aliyetoa ushahidi wa kitaalamu mbele ya tume, baadaye aliuchora mkasa mzima kwa mtindo wa Mdenmaki Jens Rasmussen. Ni mchoro wa ngazi: chini kabisa chuma kilichopasuka, juu yake matendo ya watu wa zamu, juu zaidi maamuzi ya kampuni, na juu kabisa serikali na soko. Mishale inapanda ngazi hadi ngazi. Ukiutazama mchoro ule huwezi tena kuuliza tu nani alifungua vali. Unalazimika kuuliza nani aliamua kwamba mtu wa vali abaki peke yake.

“Eneo lenye siku nyingi bila majeruhi ni salama.”

Si kweli, na dai hili limeua watu.

Kiwanda cha BP cha kusafisha mafuta huko Texas City, Marekani, mwaka 2004 kilikuwa na kiwango cha chini cha majeruhi kuliko wakati wowote katika historia yake. Mwaka huohuo watu 3 walikufa pale. Tarehe 23 Machi 2005 kikalipuka: watu 15 walikufa, na 180 wakaumia. Wote waliokufa walikuwa wafanyakazi wa wakandarasi, wakiwa ndani au karibu na ofisi za muda za mbao zilizowekwa jirani na mtambo uliokuwa ukiwashwa. Baadhi yao walikuwa wametoka kwenye chakula cha mchana cha kupongezwa kwa kumaliza mwezi bila ajali ya kumlaza mtu.

Miaka mitano baadaye, tarehe 20 Aprili 2010, wakubwa wa BP walikuwa wametembelea jukwaa linaloelea la kuchimbia la Deepwater Horizon katika Ghuba ya Mexico, siku ambayo wafanyakazi walikuwa wakisifiwa kwa miaka saba bila ajali ya kumlaza mtu. Usiku huohuo kisima cha Macondo kilifumuka, na watu 11 wakafa.

Kuhesabu vidole vilivyokatwa na miguu iliyoteleza ni jambo jema, lakini hesabu hiyo haisemi lolote kuhusu mvuke ulio ndani ya bomba. Jopo la James Baker, lililotoa ripoti yake kuhusu BP Januari 2007, lilisema wazi kwamba kampuni ilichukua hesabu ya majeruhi kama kipimo cha usalama wa mitambo, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Kofia na buti havizuii mtambo kulipuka.

“Uliza ‘kwa nini’ mara tano, utafika kwenye mzizi.”

Ni kweli kwa ajali ndogo. Kwa mlipuko, si kweli.

Njia hii ilitoka kwenye viwanda vya Toyota na inapendwa kwa sababu haihitaji kompyuta wala mtaalamu. Fundi aliyeteleza kwenye ngazi yenye grisi anaweza kuchunguzwa kwayo kabla ya chai ya saa nne, na jibu likawa la haki. Tuijaribu sasa kwa Texas City.

Kwa nini kulitokea mlipuko? Mvuke wa petroli uliwaka. Kwa nini mvuke ulitoka? Mnara ulijaa kupita kiasi, majimaji yakamwagika kupitia tangi la dharura. Kwa nini ulijaa? Opereta aliendelea kuingiza mafuta bila kuyatoa. Kwa nini? Geji ilimwambia kiwango kiko chini ya mita 3 na kinashuka, wakati kwa kweli kilikuwa kimepanda hadi karibu mita 48 katika mnara wa mita 52. Kwa nini geji ilidanganya? Haikuwa imepimwa na kurekebishwa ipasavyo.

Tumemaliza tano. Mzizi ni geji. Tengeneza geji, funga jalada.

Lakini kila swali kati ya hayo lilikuwa na matawi ambayo njia hii imeyaruka. Kwa nini ofisi za mbao ziliwekwa pale? Kwa nini tangi la dharura, la muundo wa miaka ya 1950, lilimwaga hewani badala ya kupeleka kwenye mnara wa kuchomea gesi? Kwa nini opereta mmoja aliachiwa kusimamia mitambo mitatu kwa wakati mmoja? Kwa nini waendeshaji walikuwa wamefanya kazi saa 12 kwa siku, kwa siku 29 mfululizo au zaidi? Kwa nini mnara ulikuwa umejaa kupita kipimo mara nyingi katika miaka iliyotangulia, na hakuna aliyechunguza? Na kwa nini bajeti ilikatwa kwa robo mwaka 1999, kisha wakubwa wakadai ikatwe kwa robo tena? Bodi ya Marekani ya Usalama wa Kemikali iliyafuata maswali hayo yote katika ripoti yake ya Machi 2007. Jibu lake halikuwa mstari mmoja wa visababishi. Lilikuwa kama mkeka: ukivuta ukindu mmoja, mwingine unakuja.

Kasoro nyingine ya njia ya maswali matano ni kwamba inategemea anayeuliza. Mpe mhandisi, atafika kwenye geji. Mpe afisa utumishi, atafika kwenye mafunzo. Mpe mwanachama wa chama cha wafanyakazi, atafika kwenye saa za kazi. Wote wako sahihi, na hakuna aliyeona ajali nzima. Njia inayotoa majibu matatu kwa wachunguzi watatu haifai kubebeshwa mzigo wa watu 15 waliokufa.

“Njia mpya na ngumu ni bora kuliko za zamani.”

Si lazima. Mti wa hitilafu, unaoanza na ajali juu na kushuka matawi ya “na” na “au”, ulibuniwa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya makombora. Hadi leo hakuna kinachoushinda pale unapotaka kujua ni vifaa vipi viliharibika pamoja. Udhaifu wake ni kwamba mtu si vali. Hawi “wazi” wala “amefungwa”. Huchoka, huogopa, huamini geji. Uchambuzi wa kinga, unaouliza ni vizuizi vipi vilipaswa kusimama kati ya hatari na mtu na kipi kilishindwa, unaeleweka hata na kibarua wa siku ya kwanza. Tripod, ambayo kampuni ya Shell iliitengeneza pamoja na watafiti wa vyuo vikuu vya Leiden na Manchester, inachukua wazo hilo la kinga na kulirudisha nyuma hadi kwenye mazoea ya shirika: vifaa, taratibu, malengo yanayogongana, mawasiliano. Kisha kuna mtindo wa Nancy Leveson wa MIT, unaoitazama ajali kama udhibiti uliokatika kutoka bungeni hadi kwenye bomba.

Mtindo wa Leveson unaona mbali, lakini unadai wiki nyingi na watu waliousomea. Kwa kampuni ndogo yenye bohari la mafuta na afisa usalama mmoja, mwishowe utajazwa ovyo ili mkaguzi aridhike. Mimi naona afadhali njia mbili rahisi zilizofanywa kwa uaminifu: kwanza mfuatano wa matukio, dakika kwa dakika, kila tukio na aliyelifanya; kisha uchambuzi wa kinga. Wakishamaliza, wachunguzi wapande angalau ngazi mbili juu ya mtu wa mwisho aliyegusa kifaa. Kama njia yao haina mahali pa kuandika jina la uamuzi wa meneja, waibadilishe.

“Ushahidi wa kweli uko kwenye vyuma na kompyuta, maneno ya wafanyakazi ni porojo.”

Si kweli. Jukwaa la Piper Alpha, katika Bahari ya Kaskazini, liliteketea usiku wa tarehe 6 Julai 1988. Watu 167 walikufa. Sehemu kubwa ya vyuma ilizama. Watu 61 waliokuwa jukwaani walinusurika, na maneno yao ndiyo yaliyokuwa nguzo ya uchunguzi wa Lord Cullen, uliosikiliza ushahidi kwa siku 180.

Kutokana na ushahidi huo kisa kilijengeka. Pampu moja ilikuwa imesimamishwa kwa matengenezo, na vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa. Mahali pake palifungwa kifuniko cha muda. Kazi hizo mbili zilikuwa na vibali viwili tofauti. Usiku pampu ya pili ilipogoma, watu wa zamu walijua kuhusu kibali cha pampu, hawakujua kuhusu kile cha vali. Makabidhiano ya zamu hayakukitaja. Wakaiwasha ile pampu ya kwanza. Pampu za kuzimia moto zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono tu, kwa sababu ya usalama wa wapiga mbizi, na hakuna aliyeweza kuzifikia. Majukwaa jirani ya Tartan na Claymore yaliendelea kusukuma mafuta na gesi huku watu wake wakiuona moto. Wengi walikufa wakiwa kwenye vyumba vya kulala, wakingoja helikopta isiyoweza kutua.

Hakuna kompyuta iliyosema kibali kilikuwa kwenye rafu gani. Mtu ndiye aliyesema.

Hapa nina neno kwa Afrika Mashariki. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, linapita katika vijiji vingi ambamo Kiswahili ndiyo lugha ya kazi. Fundi wa kuchomelea anayesema “ilikuwa ikitoa jasho tangu juzi” amekupa kisababishi chote kwa maneno matano. Akiulizwa kwa Kiingereza, na mwenye mamlaka ya kumfukuza akiwa amekaa mezani, atajibu “sikuona kitu, bosi.” Mahojiano yafanyike kwa lugha ya shahidi, mapema, bila msimamizi wake chumbani, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Hilo halina gharama yoyote, na linazidi programu yoyote ya kompyuta.

“Kama hakuna aliyeumia, hakuna cha kuchunguza.”

Uongo. Tarehe 28 Novemba 2004 gesi ilifumuka kutoka chini ya jukwaa la Snorre A nchini Norway, likiwa na watu 216. Walio wengi waliondolewa kwa helikopta, na 35 walibaki kupambana na kisima mpaka wakakishinda. Hakuna aliyekufa. Mamlaka ya usalama ya Norway ililichunguza tukio kana kwamba wote wamekufa, ikakuta makosa 28 ya kukiuka kanuni, mengi yakiwa ya kupanga na kusimamia kazi. Kinyume chake, mwezi mmoja kabla ya Longford kulipuka, mtambo wa pale ulikuwa umepoa isivyo kawaida. Tukio halikuripotiwa.

“Kampuni ndiyo inayoujua mtambo wake, basi ijichunguze.”

Nusu kweli. Ripoti ya ndani ya BP kuhusu Macondo, iliyoongozwa na Mark Bly na kutolewa Septemba 2010, ilieleza kinga nane zilizoshindwa, moja baada ya nyingine, kwa ufundi ambao wachunguzi waliofuata waliutumia. Lakini jicho lake lilibaki kwenye saruji, vali na shinikizo. Tume ya Rais wa Marekani, iliyotoa ripoti Januari 2011, ndiyo iliyoweka wazi usimamizi wa BP na wakandarasi wake, Halliburton na Transocean, pamoja na wakala wa serikali uliokuwa ukikusanya mapato ya mafuta na wakati huohuo ukisimamia usalama. Mwenye nyumba anajua bomba lilipopasuka. Kumwomba aandike pia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekataa kulitengeneza ni kumtaka mengi mno. Kampuni ichunguze, na mwingine asiyekula mezani kwake achunguze tena.

“Ripoti ikitoka, kazi imekwisha.”

Hapa ndipo njia zote hupimwa kwa haki, na nyingi huanguka. Pendekezo la “wafanyakazi waongezewe uangalifu” haliwezi kukaguliwa, kwa hiyo halina maana. Ripoti ya Lord Cullen ya Novemba 1990 ilikuwa na mapendekezo 106, mengi yakiwa ya kitu cha kufanya na mtu wa kukifanya. Yote yalikubaliwa, na kufikia 1992 Uingereza ilikuwa na kanuni mpya zinazomtaka kila mwenye jukwaa kuthibitisha kwa maandishi, kabla ya kuendesha, kwamba amezijua hatari zake na kuzidhibiti.

Texas City ilikwenda kinyume. Mwaka 2005 BP ililipa faini ya zaidi ya dola milioni 21 na kukubali kurekebisha orodha ndefu ya hatari. Oktoba 2009, miaka minne na nusu baada ya mlipuko, wakala wa serikali ya Marekani wa usalama kazini ulitangaza kwamba mamia ya marekebisho hayo hayajafanyika. Ulipendekeza faini mpya ya zaidi ya dola milioni 87, kubwa kuliko zote ulizowahi kupendekeza hadi siku hiyo.